Harufu ya Utosi

Jua lilikuwa limeshainama nyuma ya mabati ya Ngamiani wakati Shadya alipompigia simu mumewe. Hakuwa na mengi. Uweso arudi nyumbani, apitie poda ya mtoto dukani, na juu ya yote arudishe kile kitambaa alichoondoka nacho asubuhi begani, chenye maziwa aliyocheua Mastura. Mama yake Shadya alikuwa amekiulizia, akakiulizia tena, na sasa alikuwa amesimama mlangoni hasemi kitu. Kwa Bi Mwanasiti, kutosema kitu kulikuwa kubaya kuliko matusi.

"Kitambaa tu hicho, bibiye," Uweso akajibu. "Hakina miguu, hakitatoroka."

"Mama anasema nguo ya mtoto mchanga haikutwi nje na magharibi. Njoo nacho kabla ya adhana. Usianze, Uweso."

Usianze. Mke anamjua mumewe.

Kwa maringo, Uweso hana mpinzani kuanzia Ngamiani mpaka Maramba. Shule aliiacha siku aliyogundua kwamba pua yake ina akili kuliko mwalimu, na tangu hapo hajaona sababu ya kurudi. Ana kibanda cha manukato chenye upana wa kitanda, chupa zimepandiana mpaka juu: udi, miski, ambari, asumini, langilangi. Mpe kanga ya mkeo, atakwambia imefukizwa kwa nini na imevaliwa kwenda wapi. Mpe mkono, atakwambia umekula nini mchana. Umekula na nani, hapo atanyamaza kwa heshima ya ndoa yako. "Hii si pua, hii ni maabara," husema akiigonga kwa kidole. Godlisten, Mpare wa kibanda cha pili anayeuza kava za simu, humuuliza maabara gani hiyo inayotoka makamasi.

Lakini pua yote hiyo, tangu Mastura azaliwe, ilikuwa na kazi moja tu iliyoipenda. Kila akirudi nyumbani Uweso huinama kitandani, huiweka kwenye utosi wa mwanawe, pale panapodunda, na kuvuta. Maziwa. Jasho jembamba. Kitu kama mkate unaofunuliwa kitambaa ungali moto. Hakuna chupa duniani yenye kitu kile, na yeye ndiye wa kusema. Na Mastura, kwa kuwa baba yake hurudi ananukia kama ukumbi wa harusi, humjibu kwa chafya. Chafya ndogo, ya paka. Nyumba nzima hucheka. Bila chafya hiyo Uweso huwa hajafika.

Arobaini ya mtoto ilikuwa haijatimia.

Basi akafunga vioo, akasokomeza kitambaa kwenye mfuko wa shati, akashika usukani wa baiskeli. Ndipo aliposikia nyuma yake:

"Mwanangu… umeshafunga?"

Alikuwa mama wa makamo. Buibui la kawaida, kandambili za kawaida, uso ambao ukiulizwa kesho huwezi kuueleza. Uweso akampa shikamoo, akajibiwa marahaba. Akamwambia kwa adabu aje kesho, leo ana dharura. Mama hakuondoka. Alikuwa anafungua pindo la kanga, taratibu, kidole kwa kidole.

Kuna jambo Uweso aliliona hapo na akalipuuza. Kila mtu hunuka kitu, sabuni, moshi, samaki, shida zake. Mama huyu alisimama mbele yake karibu kabisa, na hewa haikubadilika. Ni kama hapakuja mtu.

Kutoka pindoni kikatoka kipande cha kitambaa, kimegeuka manjano kwa uzee, kina marinda madogo pembeni. Kama ukingo wa kofia ya mtoto.

"Nataka harufu hii," mama akanong'ona. "Nimezunguka kote. Nimeambiwa Tanga nzima yuko mmoja tu anayeweza."

Hapo ndipo alipokwisha. Ungempa Uweso kibanda cha pili bure asingechelewa kwenda nyumbani. Lakini kuambiwa yuko mmoja tu…

Akaegesha baiskeli.

Akakinusa. Kisha akakinusa tena, macho amefumba.

Ilikuwa harufu laini. Haikuwa ya kutangulia mlangoni kabla ya mwenyewe, kama udi. Wala haikukushika kola kama miski nyeusi. Ilikuja ungaunga, kama mtu amepuliza poda kutoka kiganjani upande wa pili wa chumba, nawe ukaingia imeshaanza kutua. Chini ya poda palikuwa na waridi, si bichi, waridi lililolala siku nyingi katika sanduku la nguo. Chini ya waridi, asumini iliyovunjwa makali. Na chini kabisa, tundu. Kitu kilikaa pale zamani, kikatoka, kikaacha mahali pake wazi.

"Mama," akasema, "umefika kwa mwenyewe."

Akatwaa bomba la sindano, akavuta waridi, akavuta miski nyeupe, akaiongeza asumini kwa uchoyo. Kwa harufu ya namna hiyo, ukizidisha tone umeharibu. Hutakiwi kuifanya iseme. Unatakiwa kuiacha inong'one. Alijipaka kwenye kifundo cha mkono, akamsogezea mteja, tayari ametengeneza tabasamu la kupokea sifa.

Mama akainama juu ya mkono ule. Hakusikika kuvuta pumzi.

"Bado."

Akaongeza, akapunguza, akaanza upya. Mwanga ulikuwa unaondoka barabarani. Mara hii mama alichelewa kuinua kichwa.

"Bado kidogo."

"Inakosa nini?" Uweso akauliza, na safari hii sauti yake haikuwa na mzaha, maana alijua kwamba kweli inakosa kitu.

"Utosi."

Alilisema neno hilo polepole, kama mtu anayetaja jina la marehemu wake.

Mwingine angekubali ameshindwa. Mwingine angesema kitu hicho hakiuzwi, akapanda baiskeli, akaenda zake. Uweso akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitambaa cha Mastura, akakitandaza mezani kama mchezaji karata anayeangusha turufu.

Mama akakitazama. Hakukigusa.

"Ni chako?"

"Cha mwanangu. Wa kumzaa mwenyewe."

"Unanipa harufu yake?"

"Nakutilia tone, mama. La bure hilo."

"Sema unanipa."

Uweso akacheka. Wateja wana vituko. "Nakupa."

"Kwa radhi?"

"Kwa radhi zangu zote."

Msikitini kipaza sauti kikakwaruza, muadhini akasafisha koo. Uweso akachovya ncha ya kitambaa katika mafuta, mahali penye doa la maziwa, akakikamulia ndani ya chupa. Akatikisa. Akafungua. Akanusa.

Yaliacha kuwa manukato. Yakawa mtu.

Mama alikuwa ameshaichukua chupa, ameishika kwa mikono miwili kifuani. "Ndiye huyu," akasema, na kwa mara ya kwanza Uweso akamsikia akivuta pumzi… ndefu, isiyokwisha… kama mtu aliyetoka chini ya maji.

Akageuka, akaenda. Adhana ikaanza.

Godlisten alikuwa anashusha turubai lake. Akamtania kwamba leo maabara imefanya kazi mpaka saa za ziada. Kisha akasema, kwa wema tu, kwamba angempa yule mama kiti. Mtu amesimama muda wote ule na mtoto mgongoni.

"Mtoto gani?" Uweso akauliza.

"Huyo aliyembeba. Mtulivu kweli. Kichwa kimelala tu namna hii." Godlisten akalaza shingo upande. Aliilaza sana, kupita inavyolazwa shingo ya mtu aliyelala.

Uweso akamwambia akapimwe macho. Alicheka peke yake njia nzima mpaka Usagara, na poda hakuikumbuka.

Bi Mwanasiti alikuwa bado mlangoni. Hakuitikia salamu. Alinyoosha mkono, akapokea kitambaa, akakipeleka puani kama wafanyavyo wanawake wote na nguo za wajukuu. Mkono ukabaki pale pale.

"Umekifua?"

"Sijakifua, mama."

"Doa ninaliona. Harufu iko wapi?"

Ndani Shadya alikuwa ameketi kitandani, mtoto mapajani. Akasema Mastura amenyamaza tangu adhana. Hakulia. Ziwa hataki. Hajasinzia, tazama, macho makavu, anaangalia tu. Uweso akapiga magoti, akasubiri chafya.

Haikuja.

Akainama, akaweka pua kwenye utosi, akavuta.

Hakuna.

Akavuta tena, kwa nguvu, pua imebonyea kwenye nywele. Palikuwa na joto na palikuwa na mdundo, lakini ilikuwa kama kunusa kioo cha dirisha. Akashuka shingoni, kwapani, viganjani. Kioo. Kioo. Kioo.

"Nami nilidhani nina mafua," Shadya akanong'ona. "Uweso… naogopa kusema. Nikimshika, mwili wangu hausemi ni wangu."

Bi Mwanasiti akamvuta mkwewe mpaka uani kwa mkono wa shati, adabu za ukwe ameziweka kando. Akataka kujua. Uweso akaeleza, mpaka akafika kwenye maneno yake mwenyewe. Kwa radhi zangu zote. Aliposema hivyo, mama mkwe alifumba macho.

"Hajampaka mwanawe bado," akasema. "Angekuwa ameshampaka, huyu wetu asingekuwa na hata joto. Wa namna hiyo hungoja giza likae. Una mpaka Isha." Akachukua ndimu, akamsugua kile kifundo cha mkono mpaka ngozi ikawaka. "Hii isikuchanganye. Fuata ile nyingine. Ukimkuta usimnyang'anye, maana ulimpa kwa mdomo wako. Akurudishie kwa mdomo wake. Atataka badala. Mpe kitu chako wewe, Uweso. Chako mwenyewe, kisiwe na mtu mwingine ndani yake. Umenielewa, mwanangu?"

Akaitika kwamba ameelewa. Hakuelewa.

Baiskeli haikuwa na taa. Alisimama njia panda, akainua uso kama mbwa, akawaacha wapita njia wamcheke. Mafuta ya samaki yalikuja mbio. Mihogo ya kuchoma, moshi wa bodaboda, mtaro wenye maji ya juzi, buni zinazokaangwa. Harufu zote za mji zilimpigia kelele kwa pamoja. Yeye alikuwa anaitafuta isiyopiga kelele.

Ikaja. Chini, usawa wa kiuno. Poda… waridi… na ndani yake, Mastura.

Akaifuata. Ilipokatika alirudi nyuma, akasimama, akaizuia hata pumzi yake. Ilipojitokeza alikanyaga pedali. Kushoto. Moja kwa moja. Maduka yakaisha, kuta ndefu za Raskazone zikaanza, miti mikubwa, nyumba za wakoloni zilizogeuzwa ofisi. Bajaji ikapita, taa zake zikafagia ukuta. Upepo wa baharini ulikuwa unavuma vizuri tu na ungepaswa kuipeperusha ile harufu.

Haukuipeperusha.

Kwenye nyumba moja geti lilikuwa wazi. Rangi imebanduka, madirisha yamepigiwa mbao. Harufu ilikuwa imetanda uani kama vumbi la unga kinuni, na kila hatua ilimwingia mdomoni akaionja. Tamu. Kavu. Ya zamani.

"Hodi," akasema, sauti ikamtoka nyembamba kama ya mwanafunzi wa madrasa.

"Karibu, baba Mastura."

Hakuwa amemtajia jina la mtoto.

Yule mama alikuwa kibarazani, ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Juu ya miguu palikuwa na furushi la kanga kuukuu, naye alikuwa analiyumbisha, huku na huku, huku na huku. Chupa ilikuwa pembeni, wazi. Kiganja chake cha kulia kiling'aa mafuta. Alikuwa anayapasha joto kwa kidole gumba, taratibu, kama mama yeyote afanyavyo kabla ya kumpaka mwanawe.

Uweso akapiga hatua moja, akakanyaga ngazi.

Furushi likapiga chafya.

Chafya ndogo. Ya paka.

Akaketi pale pale kwenye ngazi, na yote aliyopanga kusema yakamtoka kichwani. Akasema tu kwamba amekuja kuchukua alichokitoa.

"Uliridhia," mama akamjibu, bila hasira.

"Nimeacha kuridhia."

"Wako ana kila kitu. Ana sauti, ana uzito. Huyu wangu nikimbeba ni kama nimebeba mto." Aliendelea kuyumbisha. "Nguo zake zilibaki na harufu. Nikawa ninazinusa. Kila nikinusa, inapungua. Nimeimaliza kwa kuinusa, mwanangu. Mwenyewe."

Uweso akamwahidi udi wa bei ya juu. Akamwahidi ambari, akamwahidi kibanda kizima na chupa zake.

"Sitaki kinachonunuliwa."

Mbali, upande wa mjini, kipaza sauti kikakwaruza.

Kile kiganja kikainuka juu ya furushi. Kikaanza kushuka.

Chako mwenyewe, alisema mama mkwe. Uweso akajipekua moyoni haraka haraka kama mtu anayetafuta funguo. Alikuwa na kitu kimoja tu duniani ambacho hakupewa na mtu, hakununua, wala hakufundishwa. Hakuna aliyegawana naye.

"Pua yangu," akasema. "Chukua pua yangu."

Kiganja kikasimama.

"Unanipa?"

"Nakupa."

"Kwa radhi?"

"Kwa radhi."

Mama akatabasamu kwa mara ya kwanza, na Uweso hakuipenda furaha ile. Ilikuwa kubwa mno. Akanyoosha vidole viwili, akamgusa kati ya macho. Vilikuwa baridi, vikavu, kama vimetoka kwenye kopo la poda. Akanusa poda. Waridi. Asumini. Utosi wa mwanawe… wazi, mzima, kama yuko kifuani pake…

Kisha kimya. Kama mtu amezima redio.

"Nimekurudishia," mama akasema, akamtilia chupa mkononi na kuyafuta mafuta ya kiganja chake kwenye shati la Uweso, yote, mpaka la mwisho. Alikuwa ameacha kuyumbisha furushi. Sasa hakuwa na haja nalo. Alikuwa ameinua uso kuelekea mjini, tundu za pua zimetanuka, ananusa hewa.

Uweso hakungoja kuelewa. Msikiti wa mwisho ulikuwa unaadhini Isha alipoibwaga baiskeli uani kwake. Bi Mwanasiti alimkuta mlangoni, akaipokea chupa, akammiminia Mastura utosini, na lile shati akalivua mwilini mwa mkwewe na kumfunika nalo mtoto.

Wakangoja.

Mastura akakunja uso. Akafungua mdomo. Akalia kilio cha kuamsha mtaa, na maziwa ya Shadya yakamwagika yenyewe yakalowesha kanga. Shadya akamkumbatia, akamnusa, akalia na kucheka kwa pamoja. "Ni yeye. Mume wangu, ni yeye, njoo umnuse."

Uweso akaenda. Akainama. Akavuta.

Akasema ndiyo, ni yeye.

Mama mkwe ndiye aliyemwona usoni. Alimwita uani, akamuuliza alitoa nini badala. Uweso akamwambia. Akamwambia pia, kwa kujitetea, kwamba alifuata maagizo. Pua ni yake. Haina mtu mwingine ndani.

Bi Mwanasiti akaitazama ile pua.

"Na tangu mtoto azaliwe," akamuuliza, "hiyo pua ilikuwa inamjua nani?"

Usiku ule ule alikusanya poda zote za nyumba ile, ya mtoto, ya Shadya, mpaka ya kwake mwenyewe ya kopo la bati, akazimwaga chooni. Akapiga marufuku poda na marashi mlangoni kwake, ili ile harufu ikija ijulikane. Uweso hukoga kwa sabuni ya mche kabla ya kuvuka kizingiti.

Kibanda bado kipo. Ukimpelekea kitambaa atafumba macho, atatikisa kichwa, atakutajia maua matatu kwa mbwembwe, nawe utaondoka umeridhika. Anachanganya kwa kumbukumbu. Anasoma uso wako kujua kama amepatia. Godlisten peke yake ndiye anayejua, kwa kuwa siku moja nyaya ziliungua nyuma ya chupa na Uweso akaendelea kujisifu huku moshi unampanda mgongoni. Godlisten hakucheka siku hiyo.

Nguo za Mastura huanuliwa jua likiwa bado juu. Na kila jioni Uweso, akishakaa kitandani, huuliza swali lile lile kabla ya maji, kabla ya chakula.

"Ananukia?"

"Ananukia," Shadya hujibu. "Maziwa tu."

Hapo ndipo hula.

Juzi alirudi mapema. Mama mkwe alikuwa anatawadha. Kamba ya nguo ilikuwa tupu. Mlango wa uani ulikuwa wazi kidogo kwa ajili ya joto. Akakaa kitandani, akamtazama mwanawe aliyenenepa, akauliza.

Shadya akainamisha pua utosini, akafumba macho. Alichelewa kuinua kichwa.

"Vizuri kweli," akasema. "Umempaka nini leo? Laini hivi… kama poda. Kama waridi la sandukuni."

Uweso hakuwa amempaka kitu.

Mastura akapiga chafya. Chafya ndogo, ya paka, ile ya kumpokea mtu anayenukia. Kisha akacheka, akanyoosha mikono.

Alikuwa anatazama mlangoni, nyuma ya bega la baba yake.